Vioo Kumi na Viwili

Nilivileta Mwanga kwa mkopo wa SACCOS,
vioo kumi na viwili vya kusomea,
vyepesi kuliko kipande cha sabuni ya mawese,
kila kimoja na tumbo la kumeza vitabu elfu.
Nikavipanga juu ya kitambaa cheupe,
nikang'oa bango la vocha, nikasubiri wasomaji.

Wa kwanza aliuliza: "Kinapiga simu?"
Wa pili: "Kinapiga picha?"
Wa tatu, kijana wa bodaboda, alikigeuza nyuma, mbele, nyuma:
"Mbona hakina rangi, kaka? Kinaumwa?"
Nikamwambia hakichoshi macho, chaji yake mwezi mzima.
Akasema simu yake inasoma, inaimba, inatuma hela,
na hiki, kwa bei hiyo, ni madebe mangapi ya dagaa?

Mwalimu Nyamwiza peke yake alinunua bila kubisha.
Jumamosi akarudi. Duka la vitabu, lile lisilo na mlango,
limemtaka kadi ya benki; hana.
Akaazima ya shemeji yake wa bandarini.
Likasema nchi yake haimo kwenye orodha.
Siku ya tatu likakubali, pengine lilisinzia,
akapata riwaya moja, akaimaliza,
akataka kumpelekea dada yake Kasulu.
Haiazimiki.
"Basi sikununua," alisema. "Nilipanga chumba,
na mwenye nyumba sijamwona sura."

Ng'ambo ya barabara Bitariho ana meza ya mbao,
vitabu vilivyovuka majalada, kimoja kinaanzia ukurasa wa tisa.
Mia tano kwa siku tatu, jina lako kwenye daftari.
Ukikosa hela unaacha ndizi.
Pembezoni wasomaji wameandikiana kwa kalamu:
*Muongo huyu!* Na chini yake, mwandiko mwingine:
*Subiri ufike sura ya saba.*

Mimi nina vioo tisa na barua ya SACCOS.
Usiku, umeme ukikatika, nawasha kimoja.
Nilikuwa sisomi, jamani. Nilikuwa mtu wa vocha.
Sasa natafuna sura za kuonja, zile za bure,
za riwaya zote za Kiswahili zilizomo
(vidole vya mikono miwili vinatosha kuzihesabu)
na sijui mwisho wa hata moja.

Jana mwanamke alisimama gatini na sanduku,
meli imeshapiga honi,
nyumbani kaacha mlango wazi na sufuria jikoni,
na kioo, kwa adabu zote, kikaniambia:
nunua uendelee.

Asubuhi nikavuka barabara.
Bitariho akafunua daftari, akalamba kidole.
"Ninacho," akasema. "Ila kiko kwa muuza mawese,
kisha kwa Mama Ntahondi,
kisha kwa yule mwalimu wako.
Nikuandike wa nne?"

Nikampa mia tano.
Akaniuliza jina langu linaandikwaje,
miaka sita tukitazamana.