Kamba ya Katani

Usiiwashe bado, Kaniki.
Kanyaga kwanza zege kwa hilo gambuti lako
lenye kiraka cha tairi.
Ondoa mguu. Tuangalie.
Alama ikizama kina cha kucha, kazi ipo.
Ikizama zaidi, tunakaa hapa mlangoni,
tunamalizia kachori,
tunasikiliza behewa za saruji zikigongana Pongwe.
Zege halijui saa ya msimamizi.
Linajua kiu yake na jua lake.

Helikopta, ndivyo tunavyoiita.
Hairuki.
Siku ikitaka kuruka, ni mtu atakayetua.

Fungua milango yote, hata ule wenye kutu:
moshi wake hauna harufu ya kutisha,
unamlaza mtu kama mtoto.
Ziba masikio. Funga kamba za viatu.
Ubonyeze mpini kidogo, itakwenda kushoto,
uinue kidogo, itakwenda kulia.
Usishindane nayo mabavu.
Yeye ana farasi tisa tumboni,
wewe una muhogo wa asubuhi.

Na hiki kikono chekundu
kishike muda wote. Ukikiachia, injini inazima.
Ukiteleza, ukizimia,
ukikumbuka deni la duka ukasahau vidole,
nayo inakoma.
Aliyekibuni alijua kwamba binadamu huachia.

Mwaka juzi, Kange, sakafu ya ghala la katani.
Nilikuwa nimezunguka tangu alasiri,
kiganja kimechubuka, kinatoa maji.
Uzi wa katani ulikuwa umezagaa kila pembe, bure.
Nikaokota mmoja
nikakifunga kikono kwenye mpini,
fundo la kufungia mbuzi.
Raha iliyoje.
Mkono ukapumzika, mashine haikujua.

Semkiwa akaja kunipokea.
Nikampa mpini, nikaenda kutafuta maji.
Lilibaki neno moja tu: nimefunga.
Angedhani nasema swaumu,
angenicheka, kiu gani hiyo ya mfungaji,
na katika kucheka angetazama chini.
Sikulisema.

Aliteleza pale ukingoni palipokuwa bado na maji.
Akaachia, kama mtu yeyote angeachia.
Mashine haikuachia.
Mpini ukageuka, ukazunguka
kama mshale wa saa uliopandwa na wazimu.
Tulisikia mara mbili:
mlio wa chuma,
kisha mlio ambao si wa chuma.
Hakuna aliyeweza kuusogelea.
Ilizunguka peke yake mpaka nguzo ikaizuia.

Bombo walimtia vyuma kwenye muundi.
Sasa anashona viatu Ngamiani, kakaa.
Nikipita hunisalimu kwa jina la baba yangu,
hunisogezea kigoda.
Hajaniuliza hata siku moja.
Hilo ndilo linalonizungusha.

Na zege, Kaniki, halikungoja.
Pale alipoanguka palibaki bega lake,
kiwiko, nusu ya shavu.
Usiku uleule nikaukata uzi,
nikaiwasha tena,
nikapita juu yake mara tatu
mpaka akaisha.
Asubuhi tajiri akainama na tochi,
akasema, kioo hiki!

Basi sikiliza.
Ukimaliza, zima. Ngoja mapanga yasimame,
ngoja injini ipoe kabla ya kugusa petroli.
Hiyo pete ya chini ni ya kulinda miguu, si ya kubebea.
Kuihamisha ni watu wanne na bomba la chuma,
sio wewe na sifa zako.
Ubao wa kupandia Kanta uwe mkavu,
na asisimame mtu upande wa kushukia.

Nionyeshe mkono.
Shika. Achia.
Tena.
Achia, bwana, usione haya.
Tena.

Haya. Sasa vuta kamba ya kuwashia.
Kamba nyingine kwenye mashine hii
sitaki kuiona.