Herufi Kubwa

Flashi niliinunua Luthuli, shilingi mia nane,
nyekundu, fupi kuliko kidole gumba cha baba.
Nduati wa ghorofa ya pili aliuliza
inatoka wapi na inakwenda wapi,
kama ofisa wa mpakani.
Nikamwambia inatoka kwa pengwini,
inakuja kwenye madirisha yangu,
na kaka yangu Maghanga ametuma tufaha kutoka ng'ambo,
nalo linataka fungu lake.
Akacheka. "Nyumba moja, madhehebu matatu."
Akaifuta, akaipanga upya
kwa mpango ambao wote watatu huukubali
ingawa hakuna anayeupenda.

Baba alikuwa mkalimani, mahakama ya Makadara,
miaka ishirini na sita akisimama katikati,
huku hakimu, huku mshtakiwa,
yeye kinywa cha kuazimwa.
Husema tarakilishi. Mimi nasema kompyuta.
Mashine yenyewe haisemi,
inavuma tu pale mezani, Buruburu,
juu ya kitambaa alichofuma mama.

Jumamosi. Mvua. Mita inasema
zimebaki yuniti nne.
Faili zake zinahama moja moja,
mstari wa kijani ukijikokota,
na yeye anazitaja kwa majina zikipita
kama anayehesabu mbuzi wanaoingia zizini.

Ya kwanza kukataa iliitwa *Alisema nini?*
Kosa halikuwa ndani. Lilikuwa kile kiulizo:
kwa pengwini ni alama kama alama nyingine,
huku kwingine hakipiti mlangoni.
Baba akakiondoa kwa kidole kimoja,
akabaki ameikodolea macho. *Alisema nini*.
"Sasa imekuwa kama mtu," akasema,
"aliyechoka kuuliza."

Tukaendelea. Asilimia sitini na moja,
mstari ukasimama.

*Faili yenye jina hili ipo tayari.
Ifunikwe?*

Nikaangalia. Zilikuwa mbili,
zimekaa folda moja miaka yote hiyo
bila kugombana:
*Subira*, kwa herufi kubwa,
*subira*, kwa ndogo.
Pengwini alizijua kuwa mbili.
Flashi ya Luthuli haipambanui;
kwake mtu na tabia ni kitu kimoja,
na mmoja sharti ammeze mwenziwe.

Ile ndogo naijua. Alinisomea nikiwa darasa la saba:
orodha ya maneno yaliyomshinda kortini,
na jinsi shahidi mmoja, mwanamke wa Kaloleni,
alivyosema "nilisubiri",
na Kiingereza cha hakimu kikaandika
kwamba aliketi.

Ile kubwa siijui.
Kilobaiti kumi na mbili.
Ilihaririwa mara ya mwisho Alhamisi iliyopita,
saa tisa usiku.

Mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya.
Jikoni mama, ambaye haitwi Subira,
alikuwa akimenya viazi, redio chini chini.

Baba hakunitazama.
"Usifunike," alisema. Halafu kwa ile sauti ya Makadara,
ile isiyo ya mtu yeyote:
"Ile ndogo ibadilishe jina.
Hii imeshalizoea lake."

Nikaandika *subira-maneno*.
Mstari ukaondoka tena, bila hata kushukuru.

Mita ikaanza kulia. Baba akainuka kutafuta miwani
asome zile tarakimu ishirini za tokeni,
akizitamka kwa makini, kama kiapo,
mama akizibonyeza.
Nami nikaitoa flashi kwa utaratibu unaoshauriwa.
Ilikuwa na joto kiganjani.

Sasa zipo kwangu, madirishani, zote mbili.
Ile sijaifungua.
Nimeibofya mara moja tu, jina likawa buluu,
nikasikia kiti cha baba
kikisogea chumba cha pili.