Mbegu Themanini na Mbili

Miaka thalathini na moja nilipima karafuu Wete,
nikizijua kwa sauti zinapomwagika jamvini:
kavu hulia, mbichi hunyamaza.
Basi daktari wa Chennai aliponionesha punje yake,
nyembamba kuliko kikonyo, nilicheka.
"Atakupanda themanini na mbili," mkalimani akasema,
"humo humo kwenye tezi dume.
Zitaiunguza saratani, kisha zenyewe zitazimika."
Nikauliza zitaota masika yepi.
Hilo mkalimani hakulifikisha.

Sasa saa nane usiku, mara ya tano.
Mize hajifanyi tena kuwa amelala.
Natoka uani, naegemea ukuta wa choo,
nasubiri.
Linakuja tone, linafuata jengine,
moto wa pilipili kichaa, kisha basi:
mfereji wetu siku ya zamu ya mtaa mwengine.

Nakojolea kwenye chujio la chai. Ndiyo amri.
Ikitoka punje usiishike kwa mkono,
ichote kwa kijiko, itie koponi, funga.
Chujio tulinunua jipya. Lile la zamani
Mize kalificha. Haniamini.

Msikitini nimehama safu ya mbele.
Nakaa karibu na mlango,
kila sala na udhu wake,
na kila udhu huniponyoka kabla ya tahiyatu.
Maalim Shaame kaninong'oneza
kuwa dini haimtwiki mgonjwa mzigo.
Nimemwelewa.
Mkojo haujamwelewa.

Thuwaiba ana miaka mitatu.
Miezi miwili asipakatwe na babu, waliniambia.
Husimama kwenye mstari wa chaki
aliochorewa na mama yake kizingitini,
akaninyooshea kidole: "Babu, una moto?"
Ninao, mjukuu wangu. Mdogo. Hauonekani.

Lile jengine silisemi barazani.
Wenzangu wakipiga dhumna na kutaniana, nacheka nao.
Usiku Mize huweka mkono pale pale pa zamani,
mkono usiouliza kitu,
nami ni mzani wa kituo msimu ukishafungwa,
mshale umelala.
"Niliomba urudi," husema.
"Sikuomba chengine."
Sijui kama ni kweli. Nalala juu ya neno hilo.

Leo alfajiri, kwenye chujio, kitu kimelia: ti.
Nimekitazama zaidi ya muda unaoruhusiwa.
Kikavu. Daraja la kwanza.
Zimebaki themanini na moja.
"Mize! Lete kijiko.
Si kile cha sukari."