Pasiguswe

Miezi saba kwa Elinami, fundi wa Pasua,
Pijo ya baba imelala juu ya magogo
kama mgonjwa asiyetaka kuulizwa hali.
Kutu tumeikwangua kwa msasa na matusi.
Taa ya kushoto nimeinunua Kiboriloni,
ya kulia imetoka banda la kuku la mjane mmoja wa Uru;
haziangalii upande mmoja,
lakini zinawaka.

Rangi ni ileile, maziwa yaliyoonja chai.
"Na hapa nyuma palipobonyea?"
Elinami ameshachanganya puti.
Nikamshika mkono. Mama kasema pasiguswe.
Kwa nini, hakusema.

Krismasi, uwanja wa kanisa, Mbokomu.
Magari ya Dar yamejipanga, vioo vyeusi.
Nikapanda mlima kwa gia ya pili,
nikapiga honi mara tatu bila sababu yoyote.
Watoto wakaacha soda.
Shemeji akauliza bei; nikajifanya sisikii.

Mama akazunguka nyuma, taratibu,
akatia kiganja pale palipobonyea.
Kikaenea.
"Teke la ng'ombe wa mahari yangu," akasema.
"Yeye hakutaka kwenda kwetu.
Mimi nilikuwa nimeshafungasha."