Mkono Katikati ya Gunia

Miaka kumi na minne nanunua viazi Uyole.
Gunia silitazami juu.
Juu hupangwa vilivyooga, vinavyocheka,
vya kumfurahisha mgeni wa Dar.
Mimi natumbukiza mkono hadi kwapani,
nachomoa cha katikati, nakikwaruza kwa ukucha,
nakinusa.

Basi Jumamosi ile, Mwanjelwa,
duka la Gwamaka la kompyuta,
sikuona sababu ya kuiacha kazi yangu mlangoni.

"Mtoto ana miaka mingapi, mama?"
Kumi na mmoja. Baridi ya Juni ikifika atatimiza kumi na mbili.
"Wa kike?"
Wa kike.
Akanifungulia gemu ya kuvalisha bibi harusi,
ya kupamba keki, ya kupaka kucha rangi.
Nikamwambia: kupika anapika.
Anataka pango. Anataka daraja lililokatika,
na ufunguo uliomezwa na mamba.

Akaleta za pango. Picha zinameta:
joka, upanga, mwezi mwekundu.
Hapa ni juu ya gunia, nikasema.
Nifungulie katikati.
Akacheka, akidhani natania.
Kisha akavuta kiti cha pili.

Ya kwanza: dakika tano tumeua watu kumi na saba,
hakuna aliyeuliza walikuwa wanakwenda wapi.
Kimeoza. Weka kando.
Ya pili, kila mlango unadai hela,
upanga hela, maji ya kunywa hela.
Madalali ninao wa kutosha sokoni,
sitawaingiza na chumbani kwa mwanangu.
Ya tatu inamshika mtoto mkono hadi chooni:
geuka kushoto, bonyeza hapa, hongera, hongera.
Hongera ya nini?

Ya nne haikuwa na picha ya maana.
Msichana, kisiwa, ramani iliyochanika nusu.
Mbuzi amesimama juu ya paa la ghala
na hakuna anayekwambia kwa nini.
Nikabonyeza. Nikatembea. Nikatumbukia korongoni.
Kioo kikawa cheusi
nami nimeng'ang'ania meza kwa mikono miwili.

"Usijali, mama. Ukifa unaanza upya, palepale."

Nikanyamaza.
Tusekile alikuwa na miaka sita
baba yake alipoteremka Iwambi na lori la mbao.
Mwaka mzima, kila Jumapili,
aliniuliza huku ameshika pindo la kanga yangu:
sasa atarudi na lori lipi?

Mkono wangu ulikuwa bado ndani ya gunia
na kwa mara ya kwanza
sikujua nimeshika kizima au kibovu.

"Elfu kumi na mbili," Gwamaka akasema, taratibu.
Nikampa nane. Hakubishana.

Usiku ukungu ulishuka kutoka Loleza
ukakaa dirishani kama jirani mwenye shida.
Kompyuta ni ya mjomba wake, kitufe kimoja kimeng'oka,
anabonyezea kijiti cha kiberiti.
Tumejifunika blanketi moja.
Akatumbukia korongoni. Akatumbukia tena.
Mara ya sita nikataka kusema, tulale.
Mara ya tisa akaiacha kompyuta ikinguruma,
akachana karatasi katikati ya daftari la hesabu,
akachora korongo kwa penseli,
na kila alipoangukia akatia msalaba mdogo,
kimyakimya, bila kunitazama.
Misalaba tisa.
Kati yake ikabaki njia nyembamba
kama ya mchwa ukutani.

"Mama, tupite hapa."

Hakusema nipite. Nilisikia vizuri.

Tukapita. Ng'ambo kulikuwa na nyasi tu, na upepo,
na lile ghala kwa mbali.
Hapo umeme ukakatika mtaa mzima,
betri ikahema dakika mbili, ikafa.
Gizani akanisogezea miguu yake ya barafu.

"Labda anaogopa kushuka," akasema.
Nani?
"Mbuzi."
Labda, nikasema. Au kuna kitu anakiona.

Mpaka leo hatujajua.
Karatasi iko chini ya kopo la chumvi.
Kesho zamu yangu.