Macho Yana Pazia

Walifika watatu, jua limeshainama.
Nikawamiminia maji ya miguu,
vumbi la njia moja kwenye visigino sita.
Nahamani, mume wangu, hata hakunitazama;
bado alikuwa anabishana na yule mgeni,
mkono hewani kama mtu anayepunguziwa bei.

Sikuuliza jina. Lilikuwa juma la mikate isiyochachwa,
na mgeni wa juma hilo haulizwi, hulishwa.
Nilikuwa jikoni niliposikia: ka!
Mkate mkavu ukivunjwa hulia kama kigae.
Kisha kimya. Kisha kigoda kikaanguka.
Nilipoingia, walikuwa wawili,
na kikombe cha tatu kimejaa vilevile.

Wakanieleza kwa pamoja, wakikatizana,
wakavaa viatu ambavyo havijakauka
wakarudi Yerusalemu usiku, bila taa, bila kula.

Nikabaki na meza.
Njia nzima, Nahamani! Bega kwa bega!
Wewe unayemjua mbuzi wa jirani kwa kikohozi chake.

Wapo watakaosema ni jua:
njia ya Emau yashuka magharibi,
na alasiri humpiga mtu usoni.
Labda. Lakini jua halizibi masikio.
Wapo watakaosema alivaa sura nyingine.
Hayo sina kipimo chake.
Ninachokijua ni cha nyumbani kwetu.

Kaka yangu Asahia alichukuliwa na Warumi machimboni.
Mwaka wa nne tukaletewa habari: jabali limemwangukia.
Tukalia siku saba, tukaanua matanga,
joho lake tukampa mchunga punda.
Mwaka wa sita mtu akasimama mlangoni
akamwita mama kwa jina la utani
ambalo halijapata kutoka nje ya ua wetu.
Mama akamtazama. Akampa kipande cha jibini,
akasema, "Safari njema, baba," akafunga mlango.

Mama hakuwa kipofu.
Alikuwa amemaliza kulia.
Pale Asahia alipokuwa akikaa moyoni mwake
palishapigwa lipu, pakakauka,
na hakuna mlango kwenye lipu.

Akaketi kizingitini, mgeni wa jibini,
akaanza kufunga kamba ya kiatu
kwa mkono wa kushoto, ncha moja kaibana kwa meno.
Mama alikuwa anachungulia dirishani, anangoja aondoke.
Yowe alilopiga, majirani walidhani ni msiba.

Basi nimeuelewa ule mkate.
Uso waliuzika Ijumaa, wakaviringisha jiwe;
sauti nayo waliiweka pamoja na uso.
Vidole walisahau kuvizika.

Wanasema asubuhi ileile, bustanini,
mwanamke mmoja alimdhani mtunza miche.
Msimcheke. Alikwenda kutafuta maiti,
na anayetafuta maiti, aliye hai humpita.

Husemwa macho hayana pazia.
Yana. Tena zito, la kufumwa nyumbani,
uzi kwa uzi wa mambo tunayoyajua kwa hakika:
kwamba jiwe ni zito, kwamba askari hawakosei,
kwamba wafu hawaulizi watu njiani,
"Mbona mna huzuni?"

Nahamani alirudi alfajiri, miguu imevimba,
anacheka peke yake kama mlevi.
Nilimngoja acheke ashibe, nimwambie:
mume wangu, usijilaumu peke yako.
Ni mimi niliyemimina yale maji.
Miguu ile ilikuwa chini ya pua yangu,
karibu kama unga ulivyo karibu na kinu,
na mimi nilikuwa nautazama mtungi
usije ukanimwagikia.

Hakujibu. Akaliangalia beseni.
Lilikuwa tupu;
maji yake nilishayamwaga jana,
uani, kwenye vitunguu.