Lehemu

Mbukwa, paja la kulia.
Mbukwa na wewe la kushoto, uliyenuna tangu Jumamosi.
Nimekaa ukingoni mwa kitanda hapa Chang'ombe,
upepo unarusha mchanga juu ya bati,
nawasalimia ninyi kabla ya mke wangu
maana bila idhini yenu sifiki chooni.

Miaka thelathini na mmoja nimelehemu mabehewa.
Naijua lehemu: inavyolainika, inavyotambaa
ndani ya ufa kama uji, kisha inagoma, haibanduki.
Kwa hiyo daktari aliposema, "Mzee Ndahani, una lehemu,"
nikacheka. "Ninayo, kilo mbili, uvunguni."
Hakucheka. Akanionyesha namba
kwa ncha ya kalamu isiyo na kifuniko.
Kumbe kuna fundi mwingine ndani yangu,
wa zamu ya usiku, hana miwani,
anaziba mabomba ambayo hayakuvuja.

Kidonge kimoja kila usiku,
kidogo kama kifungo cha shati la mtoto.
"Na mwili uutoe jasho."
Nikajiunga na vijana wa jogingi wa kata,
fulana ya njano imenibana kitambi,
saa kumi na mbili asubuhi, hadi kilima cha Mlimwa.
Kupanda, nilipanda.
Kushuka ndiko kulikonitenda.

Jumapili, wimbo wa kusimama niliuimba nimekaa.
Jumatatu, ngazi tatu za benki
zilinitazama, nikazitazama.
Jirani Chilewa akaegemea ua:
"Ni hicho kidonge. Kinakula nyama.
Kaka wa shemeji yangu sasa anatembelea fimbo."
Nami nikaamini. Ukiumwa unataka jina la mkosaji, basi.
Mshono wa chuma huonyesha mkono wa aliyeushona;
nikiuona tu nakwambia huyu ni Magawa, huyu mwanafunzi.
Maumivu hayana saini.

Nikaacha kumeza. Kimya kimya.
Kila usiku kifungo kimoja kwenye kopo la misumari.

Siku ya kumi na nne Sechelela akatafuta msumari.
Alivimwaga mezani, akavihesabu kwa kidole,
akavirudisha vyote koponi,
akaenda kugongelea picha ya mjukuu.
Aligonga muda mrefu kuliko msumari ulivyohitaji.

Tukaenda wote hospitali.
Wakanitoa damu, safari hii kuupima msuli.
"Mkojo umewahi kuwa kama chai ya rangi?" Hapana.
"Panauma upande mmoja au pande zote?"
Zote, lakini la kushoto lina kinyongo.
Majibu yakaja: msuli haujabomoka.
"Inaweza kuwa dawa," akasema daktari.
"Inaweza kuwa mteremko. Inaweza kuwa miaka sitini na sita."
Nikampenda kwa hayo *inaweza* matatu.
Akapunguza dozi. Akasema turudi baada ya wiki sita,
na siku nyingine nikitaka kuacha, niache mbele yake.

Tulikuwa tumeshasimama, Sechelela akauliza:
"Na zabibu ataanza kula lini?"
"Zabibu zimefanya nini?"
Ni Lameck, mpwa wangu, kidato cha nne,
aliyetusomea karatasi ya Kizungu ndani ya boksi,
akaona neno lenye zabibu tumboni mwake,
akapiga marufuku.
"Balungi," daktari akasema. "Wamesema balungi."

Balungi! Sijalionja tangu nimezaliwa.
Na msimu mzima wa Hombolo umepita,
kreti kwa kreti, kwenye mashamba ya wakwe zangu,
nimekaa kama mlinzi wa benki,
nikitazama watoto wakitokwa na maji ya zabibu kidevuni.

Sasa nakimeza, nusu ya kile cha kwanza.
Natembea; kukimbia nimewaachia wenye magoti.
Paja la kulia limenyamaza.
La kushoto bado linanuna,
na sijui ni nani kati yetu aliyelikosea.
Nikifika kileleni nageuka, naliambia: taratibu,
nami nashuka Mlimwa
kama mtu aliyebeba kioo cha dirisha.